Kogo, mgeni wa ubalozi na kikombe cha mursik kisichoisha

Wakuu, salamu kutoka Eldoret.

Mimi ni yule wa kusoma tu. Niko humu muda mrefu, nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Shule niliishia ya msingi na mkono wangu ni wa polepole, kwa hivyo msinikimbize.

Ninachoeleza kimetokea nyumbani kwetu. Sijatia maji kwenye maziwa. Mtaona mbele kwa nini nasema maziwa.

Yote yalianzia humu humu. Kuna mkuu aliweka link ya nyaraka za zamani za ubalozi wa nchi moja ya Ulaya. Alieleza kwamba afisa wa ubalozi akitembea mahali alikuwa anaandika ripoti kwenda kwao, ripoti inafungiwa, halafu miaka mingi ikipita inafunguliwa na mtu yeyote anaweza kusoma. Wengi wenu mlibishana mambo ya siasa, nani alimwambia nani nini Nairobi.

Mimi niliingia nikaandika neno moja tu: Eldoret.

Sikuwa natafuta siri. Nilitaka kuona kama mji wetu uliwahi kutajwa na watu wa mbali.

Ulitajwa, wakuu. Kurasa zimepigwa taipu, zingine herufi zimefifia, moja ina alama ya duara ya kikombe cha chai. Afisa mmoja analalamika hoteli haikuwa na maji ya moto. Mwingine anaeleza ngano ilivyoharibika. Mwingine amejaza nusu ukurasa akilaumu matope. Nikacheka, kwa sababu hayo matope nayajua. Ni yale yale, waliobadilika ni watu.

Kazi yangu ni sofa. Niko kwa fundi mmoja mtaa wa Huruma. Yeye anapiga fremu, mimi navuta kitambaa na kubana. Saa ya lunch nilikuwa nakaa juu ya sofa ambayo haijavishwa, simu mkononi, nasoma mstari, nauacha, naurudia. Kiingereza hicho si kile cha darasani. Neno likinishinda naliandika kwa penseli kwenye mbao za fremu, natafuta maana yake, naandika Kiswahili kando.

Fundi akanikuta. Ni mtu wa huko magharibi, hana haraka na maisha.

"Wewe kijana, hii ni sofa ama ni daftari?"

"Ni sofa."

"Basi tumwambie mwenyewe ameongezewa kamusi bure."

Ile sofa ilienda mtaa wa Elgon View. Kuna familia huko imekalia maneno ya ubalozi na haijui.

Sasa niwaeleze Kogo.

Kwetu Wakalenjin, Kogo ni nyanya. Huyu ni mama ya baba yangu na ndiye alinilea. Nyumba yake iko mashambani nje ya mji, nyumba ya mbao yenye mlango mwekundu. Kugo, yaani babu, ndiye aliupaka. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima, na siku walipopaka trekta ya chama rangi ikabaki, akaileta nyumbani. Rangi ya trekta haitoki, wakuu. Jua limeupiga mlango ule, mvua imeupiga, na bado ni mwekundu, ingawa siku hizi umekuwa kama tofali.

Nikifunga macho hata sasa nasikia harufu ya ile nyumba. Moshi, maziwa, na mkaa wa senetwet, ule mti ambao mkaa wake unasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande. Hiyo ndiyo mursik, kwa wale wasioijua. Inakuwa na madoa ya kijivu, chachu, na harufu ya moshi. Kogo alikuwa anaweka kibuyu karibu na sikio, anakitikisa kidogo, anasikiliza. Halafu anasema, "Bado." Ama anasema, "Huyu yuko tayari," kama mtu anayeongea juu ya mtoto.

Na nyumba ile ina sheria yake. Kikombe kikiwa tupu kinajazwa. Ukishiba, unaacha kidogo chini. Hakuna mtu anakuambia, unajua tu.

Mimi nikiwa mdogo sikujua. Nilikuwa namaliza, Kogo anajaza, namaliza, anajaza, mpaka tumbo linakuwa ngoma. Siku moja Kugo akanitazama, akainamisha kikombe chake nione. Kilikuwa na maziwa kidogo chini. Kugo alikuwa mtu wa aibu sana, maneno yake ungeyaweka kwenye kiganja. Hilo ndilo somo ninalokumbuka zaidi kutoka kwake na hakufungua mdomo.

Kogo alikuwa na hadithi moja. Kila Krismasi tukikaa pamoja lazima aitoe.

Kwamba zamani, yeye akiwa bado mke mchanga, balozi wa wazungu alikuja huku siku ya mvua. Gari likazama. Kugo akamleta nyumbani, mgeni akapita mlango mwekundu, akakaa kwenye kiti cha Kugo mwenyewe. Kogo akampa mursik. Mzungu akamaliza, akataka tena, akamaliza, akataka tena, mpaka machozi ya utamu yakamtoka.

Baba mdogo, ndugu mdogo wa baba yangu, ndiye mcheshi wa familia. Alikuwa anamalizia, "Halafu balozi akauliza ng'ombe ni wangapi, akaoa."

Watu wote wanacheka. Kogo hachekagi. Anakunywa maziwa yake.

Mambo yakaja kubadilika. Kugo alishaondoka zamani. Kogo akaanza kusahau. Kuna siku aliacha sufuria motoni akaenda kuangalia mahindi, na jiko likabaki kidogo tu liungue lote. Mimi akaanza kuniita jina la amu yangu aliyekufa. Shangazi, dada ya baba yangu, akamchukua akakae naye mjini, mtaa wa Kimumu.

Nisieleweke vibaya. Shangazi ni mtu mzuri. Anampikia, anamwosha miguu, anampeleka kanisani. Asije mtu hapa kumtukana.

Lakini Kogo wa Kimumu alikuwa kama kibuyu kilichotundikwa dukani. Kisafi, kimepambwa, na ndani hakuna kitu. Anakaa kwa dirisha linaloangalia geti. Nikimtembelea anauliza jambo moja tu, mvua imeanza huko nyumbani? Anataka kurudi kabla ya kupanda.

Halafu nikasikia familia itakaa Jumapili baada ya kanisa. Nyumba ifungwe. Shamba likodishwe kwa mtu. Vibuyu wagawane akina mama.

Nilimwambia Shangazi kwa simu kwamba Kogo mwenyewe anataka kurudi. Akavuta pumzi.

"Mtoto wangu, akili ya mama imechoka. Juzi amemwambia jirani yangu ati alikunywa maziwa na balozi. Jirani akaniangalia kwa huruma. Nifanye nini?"

Hilo liliniuma. Hadithi ya kila Krismasi sasa imekuwa ushahidi kwamba akili imeenda.

Ndipo nikakumbuka zile nyaraka.

Nilirudi kutafuta vizuri. Nikaacha mambo ya hoteli na siasa, nikafuata ripoti za mashamba. Maafisa wengi walitembea huku wakati mashamba ya walowezi yalipoingia mikononi mwa watu wetu, kila mmoja anataka kuona itakuwaje. Nilisoma mpaka macho yakawasha. Fundi akaniambia sofa za mwezi huu zimekuwa na Kiingereza kuliko misumari.

Halafu nikafika ukurasa mmoja na nikaona maneno mawili. Mlango mwekundu.

Hayo sikuhitaji kamusi.

Ilikuwa yote hapo. Mvua. Gari la ubalozi limezama. Mwenyekiti wa wakulima, mtu mkimya, akawakaribisha katika nyumba ya mbao yenye mlango wa rangi ya trekta, akampa afisa kiti chake. Mke wake kijana akaleta maziwa kwenye kibuyu. Nilimwona Kogo akiwa msichana, ndani ya karatasi iliyokaa kwenye sanduku la Ulaya maisha yangu yote na zaidi.

Lakini nikaendelea kusoma, na hapo furaha ikapungua.

Kwanza, hakuwa balozi. Alikuwa afisa mdogo, cheo chake kimeandikwa chini ya sahihi.

Pili, yale maziwa. Aliandika kwamba katika safari yote hakupewa kitu kigumu kunywa kama hicho. Ladha ya majivu, harufu ya moshi. Yeye alidhani heshima ni kumaliza, kwa hivyo alifumba macho akamaliza. Yule mke akajaza. Akamaliza tena ili yaishe. Akajaza. Machozi yalimtoka, na si ya utamu. Aliandika kwamba mpaka gari linavutwa hakugundua ni kwa njia gani mtu anamsimamisha yule mwanamke.

Nilicheka mpaka fundi akatoka nje kuniangalia. Halafu kicheko kikaisha.

Kwa sababu fikirieni. Nikionyesha ripoti, Kogo ataonekana hakuota. Mgeni alikuja, kiti, maziwa, machozi, vyote kweli. Lakini roho ya hadithi yake, kwamba mgeni alipenda maziwa yake, itakufa mbele ya watoto wake wote. Baba mdogo hatamwacha apumue. Na nikinyamaza, nyumba inafungwa.

Tena mimi mwenyewe ni wa kunyamaza. Mbele ya watu sauti yangu inaingia ndani kama kobe. Katika kikao cha familia sijawahi kusema zaidi ya amina.

Jumapili ikafika. Tulikula kwa Shangazi, tukakaa sebuleni. Kogo alikuwa kando ya dirisha lake, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini.

Baba mdogo akanitazama. "Mkubwa wa sofa leo amevaa shati la kola. Kuna posa?"

Watu wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Shangazi akaeleza mambo ya nyumba, taratibu, bila ubaya. Sufuria. Kusahau. Majina. Alipofika kwa balozi akatazama dirishani na kupunguza sauti, kana kwamba Kogo yuko mbali.

Nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka nikaona wote wananiangalia.

"Nina kitu," nikasema.

"Toa," akasema Baba mdogo.

Kuongea sikuweza. Nikatoa simu nikasoma. Kusoma ni rahisi kuliko kuongea, maneno ni ya mtu mwingine. Nilikuwa nasoma mstari kwa Kiingereza changu cha kukwama, halafu nauweka kwa Kiswahili. Mvua. Gari. Mwenyekiti. Mlango mwekundu.



"Hiyo imetoka wapi?" akauliza Shangazi.

"Kwa ubalozi. Waliandika wenyewe, zamani."

"Ni mlango wetu?"

"Wamesema rangi ya trekta."

Nikafika kwenye maziwa nikasimama. Nilifunga mdomo. Nilitaka kusema bundles za intaneti zimeisha.

Kogo akaongea, kwa Kikalenjin, bila kugeuka kutoka dirishani. "Soma. Mbona umenyamaza kama babu yako?"

Nikasoma. Yote. Majivu, macho yaliyofumbwa, kujaza tena na tena. Sikuinua kichwa.

Baba mdogo akalipuka. "Kumbe! Mama, miaka hii yote ulikuwa umemtesa mtoto wa watu! Na hata si balozi, ni karani!"

"Gari lilikuwa la ubalozi," akasema Kogo. "Wewe ungemwuliza kitambulisho?"

Halafu akacheka. Wakuu, tangu aletwe Kimumu sikuwa nimesikia hicho kicheko. Kilianza tumboni, mabega yakafuata, fimbo ikaanguka.

"Mnafikiri sikujua?" akasema. "Mtu anafumba macho akinywa, nitafikiri anaomba? Nilijua kutoka kikombe cha kwanza."

"Sasa kwa nini ulijaza?" akauliza Shangazi.

Kogo akafuta macho kwa leso. Aliposema tena hakuwa anacheka.

"Alikaa kwenye kiti cha baba yenu. Akamwuliza, kupitia kwa yule wa kutafsiri, kama kweli nyinyi mnaweza hii shamba, ama mtaiacha irudi msitu. Ndani ya nyumba yake. Viatu vyake vimejaa matope ya shamba letu. Na nyinyi mnamjua baba yenu. Aliangalia chini. Jibu lilikuwa naye lakini halikutoka. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu."

Akakunja leso yake.

"Basi nikajibu na kibuyu."



"Alisema hivyo kweli, Mama?" akauliza Shangazi.

"Kama ameandika maziwa, ameandika na hiyo. Tafuteni."

Mimi lile fungu la kati, baada ya mlango na kabla ya maziwa, sikuwa nimelitafsiri. Niliona ni mambo ya ekari na mbegu nikaruka. Shangazi akachukua simu, akavaa miwani. Alisoma midomo ikitembea, kidole kikisukuma skrini.

Halafu kidole kikasimama.

Ilikuwepo. Afisa ameandika kwamba alimwuliza mwenyekiti kama watu wake wataliweza shamba ama litarudi kuwa msitu. Kwamba hakupata jibu, mwenyekiti alitazama sakafu, na papo hapo maziwa yakaletwa.

Shangazi alisoma hiyo sehemu kwa sauti, akairudia. Kisha akaweka simu mezani polepole kama kitu cha udongo.

"Mama, mbona hukuwahi kutuambia hii?"

"Baba yenu alikuwa hai," Kogo akasema. "Ningewaambia aje watoto kwamba baba yao aliulizwa swali kwake nyumbani akakosa jibu? Nikawapa ile ya utamu. Hiyo mnaweza kucheka na yeye akiwa hapo amekaa."

Baba mdogo, yule wa maneno, aliinuka akaokota fimbo ya mama yake akamrudishia. Kisha akatoka nje. Tulimwona kwa dirisha amesimama kwenye geti, anajifanya anapokea simu.

Sasa msifikirie kila kitu kilimalizika kama kwenye sinema. Shangazi aliporudi kuongea alisema, "Mama, sufuria iliungua. Hiyo nayo ni kweli."

"Ni kweli," Kogo akakubali.

Wakaelewana hivi. Shamba lisikodishwe msimu huu. Kogo arudi nyumbani kwa kipindi cha kupanda. Mama jirani awe naye mchana, mimi nilale huko. Moto asiguse akiwa peke yake. Mengine wataangalia baada ya mavuno. Vibuyu, hakuna aliyevitaja tena.

Kwa hivyo siku hizi natoka Huruma jioni na baiskeli. Fundi amenilaumu kidogo, lakini ameniambia angalau sasa sofa zitabaki kuwa sofa.

Siku tuliyorudi, mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Nikausukuma kwa bega. Ile harufu ikatoka, hafifu, kama mtu anayeita kutoka mbali. Kogo hakwenda kukaa. Alienda moja kwa moja kwa vibuyu, akavishusha, akavinusa kimoja kimoja, akaomba mkaa.

Baada ya siku kadhaa aliweka kimoja karibu na sikio. Akatikisa. Akasikiliza.

"Huyu yuko tayari."

Akaniita kwa jina la amu yangu. Nikaitika. Nikakaa kwenye kiti cha Kugo, akanimiminia. Nikamaliza. Akajaza. Najua ile sheria ya kuacha kidogo chini, nimeijua tangu utoto. Lakini siku hiyo nilimaliza tena, na tena, ili tu nimwone akija na kibuyu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ripoti haikudanganya. Afisa aliandika alichoona, na kama hangeandika, Kogo angebaki mzee aliyechanganyikiwa. Lakini ningesoma ripoti peke yangu, ningejua kwamba kuna mzungu aliteswa na maziwa, basi. Sehemu kubwa ilikuwa kwa aliyeshika kibuyu. Kwa hivyo mkipata hizi nyaraka na mna wazee, wasomeeni wangali wanasikia. Msingoje matanga.

Na ile hadithi ya mzee wenu ambayo nyote mnaicheka kila Krismasi, kaeni naye mumwulize tena, taratibu.

Nimeandika uzi huu tangu juzi na vidole vimechoka. Sasa ni zamu yenu. Mzee wako anasimulia nini ambacho hamumwamini? Nitasoma zote, nitajibu polepole.

Kikombe changu nimekiacha tupu hapo chini. Jazeni.